Farasi wa Mbio Si Farasi wa Kuruka



Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba ngalawa na jahazi ni vyombo viwili. Vyote vina tanga na vyote vinaelea. Lakini hakuna nahodha wa Pangani atakayepakia magunia mia ya mkaa katika ngalawa, wala hakuna mvuvi atakayetoka na jahazi kwenda kutega dema penye maji mafupi ya miambani. Ukikitazama chombo, umbo lake linakwambia kazi yake.

Somo letu la leo ni juu ya mnyama ambaye wengi wetu tumemwona pichani tu, yaani farasi, na michezo anayochezeshwa. Tutamtazama kwa jicho lilelile la kutazamia vyombo. Pengine utauliza, farasi anatuhusu nini sisi watu wa Muheza na Handeni? Subiri kidogo. Mbele tutafika Handeni, na tutafika kwa punda pia.

Miendo ya mnyama

Kabla ya kutaja aina za farasi, hebu tukumbuke maneno ya lugha yetu wenyewe. Wazee wa mwambao walipanda punda na farasi zamani, na Kiswahili kina majina ya miendo ya wanyama hao. Vijana wengi wa leo hawayajui.

Mnyama akitembea polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, huo ni mwendo wa kawaida. Akiharakisha akawa anarusha mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha kinyume chake, anakwenda matiti. Mwendo huu humrusharusha mpandaji, na asiyeuzoea hushuka mgongo ukimwuma. Akikimbia kwa nguvu zake zote, anakwenda shoti. Na kuna mwendo wa nne ambao punda wazuri wa Unguja walisifiwa kwao, nao ni telki: hatua za haraka zilizo laini, mpandaji akakaa ametulia kama yuko kitini.

Shika vizuri maneno haya matatu: matiti, shoti, telki. Karibu kila mchezo wa farasi duniani umejengwa juu ya mmojawapo wa miendo hiyo, na kila aina ya farasi ina mwendo wake inaouweza kuliko mingine.

Damu moto, damu baridi

Wafugaji wa farasi huwagawa katika makundi matatu. Husema huyu ni wa damu moto, yule wa damu baridi, na mwingine wa damu vuguvugu. Si kwamba damu yenyewe ina joto tofauti. Ukipima, joto la mwili ni moja. Ni namna ya kusema tabia. Mwenye damu moto ni mwepesi, mkali, anashtuka upesi na kukimbia sana. Mwenye damu baridi ni mzito, mpole, ana miguu minene kama magogo ya mnazi, na kazi yake ni kuvuta magari na plau. Wa damu vuguvugu amezaliwa kwa kuchanganya hao wawili.

Tuanze na wa damu moto aliye mkongwe kuliko wote, farasi wa Kiarabu. Huyu si mgeni kwetu. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said iitwayo Sultana ilitoka Unguja ikafika New York, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Katika zawadi alizopelekewa Rais Martin Van Buren wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Lakini sheria ya nchi ile haimruhusu Rais kupokea zawadi kutoka kwa mfalme wa kigeni bila idhini ya Kongresi. Basi farasi wale wakauzwa kwa mnada, na fedha zikaingia katika hazina ya serikali.

Farasi wa Kiarabu si mkubwa. Kimo chake mpaka pale mabega yanapokutana ni kama sentimita 145 hadi 155. Uso wake umebonyea kidogo katikati, pua zake ni pana, mgongo ni mfupi, na mkia huuinua juu akikimbia. Pua pana ndiyo njia ya hewa nyingi. Mgongo mfupi hubeba mtu kwa muda mrefu bila kulegea. Ngozi yake nyembamba hupoza mwili haraka. Jangwa ndilo lililomfanya hivyo, kwa maana asiyeweza kwenda mbali kwa maji kidogo alifia njiani na hakuacha mtoto.

Kwa hiyo mchezo wake ni mbio za masafa marefu. Mbio kubwa za namna hii ni kilomita 160 kwa siku moja. Ni kama kutoka Tanga mjini kwenda Pangani, kurudi Tanga, kisha kwenda Pangani tena. Njiani kuna vituo vya madaktari wa mifugo. Farasi husimamishwa na moyo wake hupimwa. Katika mashindano ya kimataifa, mapigo yasiposhuka mpaka 64 kwa dakika kabla ya muda uliowekwa kwisha, farasi huyo ametolewa, hata kama alikuwa wa kwanza. Kwa maoni yangu hii ndiyo kanuni nzuri kuliko zote katika michezo ya wanyama: mshindi lazima afike akiwa mzima.

Waingereza wao walitaka kitu kingine. Mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18 waliingiza madume watatu mashuhuri kutoka nchi za Mashariki, wakawapandisha kwa majike yao ya mbio. Kizazi chao ndicho farasi wa mbio wa Kiingereza, aitwaye Thoroughbred. Huyu ni mrefu zaidi, sentimita 160 na kuendelea, kifua kirefu kwenda chini, miguu mirefu myembamba. Akienda shoti hakamatiki katika mbio za kilomita moja na nusu mpaka tatu. Ukitaka kuwaona karibu na kwetu, nenda Nairobi katika uwanja wa Ngong, ambako mbio zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 1954. Mbio zao kubwa, Kenya Derby, ni za mita 2,400.

Tulinganishe hao wawili kwa hesabu. Tuseme farasi wa mbio amemaliza mita 2,400 kwa dakika 2 na sekunde 40. Hizo ni sekunde 160, yaani mita 15 kila sekunde, au kilomita 54 kwa saa. Farasi wa Kiarabu akimaliza kilomita 160 kwa saa 10 za mwendo, amekwenda kilomita 16 tu kwa saa. Ukisoma tarakimu peke yake utamdharau wa pili. Lakini yule wa kwanza alikimbia kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

Siri yao imo katika nyama za mwili. Kuna nyama zinazofanya kazi kwa nguvu kubwa zikachoka upesi, na kuna nyama zinazofanya kazi polepole bila kuchoka. Wanyama wote wana aina zote mbili, ila kwa vipimo tofauti. Za kwanza ni moto wa makuti makavu, unawaka mpaka darini na baada ya dakika ni majivu. Za pili ni gogo la mkwaju, linakesha. Kule Marekani wamefuga mbegu iitwayo Quarter Horse, mnene wa mapaja na makalio, ambaye ni makuti matupu: kwa mita 400 humwacha hata yule wa Kiingereza, na baada ya hapo ukweli unamfika. Huyo hutumiwa pia na wachunga ng'ombe wa kule, kwa sababu anaondoka ghafla, anasimama ghafla, na kugeuka palepale.

Michezo ya Olimpiki

Katika Michezo ya Olimpiki, farasi wana michezo mitatu, na wanaume kwa wanawake hushindana pamoja bila kutengwa. Mwaka 2024 ilifanyika Versailles, karibu na Paris.

Mchezo wa kwanza ni wa hatua. Farasi huingia katika uwanja wa mita 60 kwa 20, naye hutembea, huenda matiti na shoti fupifupi kwa amri ambazo mtazamaji hazioni, kwani mpandaji hatumii ila mguu, mkono na uzito wa kiuno chake. Waamuzi hutoa alama. Watu wengine husema ni ngoma. Mimi huona ni gwaride zaidi. Farasi wa Kiingereza, na mbio zake zote, mara nyingi hapa hushindwa, maana roho haitulii. Wanaong'ara ni wa damu vuguvugu, hasa wa Ujerumani na Uholanzi. Hannover, Ujerumani, wana mbegu yao mashuhuri, na shamba la serikali la madume katika mji wa Celle lilianzishwa tangu mwaka 1735. Farasi hawa mwanzo walikuwa wa jeshi na wa kukokota magari. Magari ya moshi na matrekta yalipowaondolea kazi, wafugaji wakaongeza damu ya Kiingereza na ya Kiarabu ndani yao ili wawe wa michezo. Mtu mwerevu akinyang'anywa kazi hujifunza nyingine, na farasi wao wamefanyiwa hivyohivyo.

Mchezo wa pili ni kuruka viunzi vya kimo cha mita 1.60 hivi, kijiti kikianguka ni adhabu. Hapa farasi ahitaji makalio yenye nguvu za kumrusha, mabega ya kukunja miguu ya mbele, na akili ya kutazama aendako. Hapa pia damu vuguvugu hutawala.

Mchezo wa tatu huchanganya yote. Kuna hatua, kuna viunzi vya uwanjani, na katikati kuna kupita porini kiasi cha kilomita tano, kuruka magogo, mitaro na madimbwi ya maji. Wa hatua tupu angechoka, na wa mbio tupu angewaaibisha mbele ya waamuzi. Basi wafugaji humtafuta mwenye damu nyingi ya Kiingereza aliyepozwa kidogo tu kwa damu nyingine.

Na wale wa telki? Hawako Olimpiki, lakini kisiwa cha Iceland, kule kwenye baridi, kimefuga farasi wadogo wa sentimita 140 hivi wenye mwendo laini kama ule wa punda wetu wa zamani. Wana mashindano ya mwendo huo peke yake, na wapandaji wengine huonyesha ufundi kwa kushika bilauri iliyojaa bila kumwaga.

Farasi wa dola 80

Sasa nitakwambia jambo litakaloharibu kidogo niliyoyasema. Mwezi wa Februari 1956, mwalimu mmoja wa kupanda farasi aliyehamia Marekani kutoka Uholanzi, Harry de Leyer, alichelewa kufika mnadani huko Pennsylvania. Alikuta farasi waliobaki wamekwisha pakiwa katika lori la kupelekwa kuchinjwa. Akamwona mmoja mweupe, mchafu, farasi wa plau mwenye makovu ya kazi. Akampenda macho. Akatoa dola 80.

Akamwita Snowman. Alikuwa mpole, akafundishia watoto. Baadaye de Leyer akamwuza kwa jirani. Kesho yake farasi yuko nyumbani. Jirani akamrudisha, akainua ua. Farasi karuka tena, karudi. De Leyer akatambua kwamba mnyama anayeruka ua wa malisho kwa kutaka tu kurudi kwao ana kitu mwilini. Akamfundisha kuruka viunzi. Mwaka 1958, miaka miwili tu baada ya lile lori, Snowman akawa bingwa wa kuruka wa Marekani, akawashinda farasi wa nasaba waliogharimu maelfu ya dola.

Basi mbegu hukwambia kinachotazamiwa, haikwambii kilichomo ndani ya mnyama huyu mmoja aliye mbele yako. Mnunuzi mwangalifu huuliza mbegu, kisha humtazama mnyama mwenyewe akitembea.

Kwa nini Tanga haina farasi

Hapa ndipo tunapofika nyumbani. Nchi yetu ina majani mengi na maji, mbona hatuna farasi? Jibu ni wadudu wawili.

Wa kwanza ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Huleta nagana kwa ng'ombe, na farasi akiipata hukonda na kufa. Wa pili ni usubi, wadudu wadogo sana wa jioni na usiku, wanaoeneza homa ya farasi. Homa hiyo ikimpata farasi asiyechanjwa, mara nyingi hapati wiki mbili. Mapafu hujaa maji, povu humtoka puani. Pundamilia huibeba asionyeshe hata dalili. Kati ya mwaka 1959 na 1961 ilitoka Afrika ikaenea Mashariki ya Kati mpaka India, ikaua farasi, baghala na punda wapatao 300,000. Ndiyo maana nchi nyingi huogopa farasi wa kutoka Afrika na kuwaweka karantini. Sheria za karantini ni nzito kweli: Olimpiki ya mwaka 1956 ilikuwa Melbourne, Australia, lakini farasi wa kigeni hawakuruhusiwa kuingia nchini humo, ikabidi michezo yao ifanyike Stockholm, Sweden, bara jingine kabisa.

Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Smuts alileta askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini kupigana na Wajerumani. Mwezi Mei jeshi lake liliteremka kufuata mto Pangani, na mwezi Juni likafika Handeni. Farasi wale walikuwa wazuri kwa nchi yao ya wazi na baridi. Katika nyika zetu walikufa kwa maelfu. Mzigo waliokuwa wakiubeba haukufa pamoja nao. Ulihamia vichwani mwa watu. Wapagazi waliandikishwa kwa mamia ya maelfu, wengi wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na jeshi hilo la wapagazi. Mkulima wa Lushoto anayejua kwamba ng'ombe wake wa Friesian hatakaa nyikani bila matunzo makubwa ameelewa jambo ambalo majenerali hawakulipa uzito.

Si kwamba mbung'o hashindiki. Kisiwani Unguja alimalizwa katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, ambao majike wakipandwa nao hawapati kizazi. Na mbung'o hao wa kuachiwa walifugwa hapahapa Tanga, katika kituo cha utafiti.

Punda je?

Punda huugua pia, lakini huvumilia kuliko farasi, na ndiye tuliye naye. Yeye naye ana aina. Unguja ya zamani iliwathamini punda weupe wa Maskati, warefu, wa kupandwa na matajiri. Punda wa kijivu wa Wamasai, mwenye mstari mweusi mgongoni uliokatana na mwingine mabegani kama msalaba, ni mdogo na mgumu, wa kubebea.

Kule Lamu, wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita, vijana hushindana mbio za punda ufukoni. Hawatumii matandiko. Mpandaji hukaa nyuma, karibu na kiuno cha mnyama, kwa sababu mabega ya punda hayana kinundu cha kumzuia mtu asiteleze mbele. Punda wengi wa pale ni walewale wabebao mchanga na mawe mwaka mzima. Tangu mwaka 1987 Lamu pana hospitali ya punda, maana vidonda vya mgongo vilikuwa vingi.

Anayetaka kununua punda, wa mbio au wa maji, afanye kama mnunuzi wa farasi. Mwambie mwenyewe amtembeze mbele yako, kisha amwendeshe matiti kwenye ardhi ngumu. Akiinamisha kichwa kila akanyagapo mguu mmoja, mguu mwingine unamwuma. Inua kwato uitazame chini, isiwe na ufa wala harufu. Pitisha kiganja mgongoni. Fungua mdomo uhesabu meno ya mbele, maana meno yote ya ukubwani huwa yametimia anapofika miaka mitano hivi. Wa miaka miwili bado mifupa ni laini, na ukimpakia leo atapinda kesho.

Mzigo wake usizidi theluthi ya uzito wake. Punda wa kilo 150 abebe kilo 50 basi. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20.

Maswali ya kikundi

1. Punda wa kilo 150 amepakiwa madumu manne ya maji. Amezidishiwa kilo ngapi? Mngempakia mangapi?

2. Farasi wa Kiarabu ametoka saa 12 asubuhi, akaenda kilomita 16 kila saa. Vituoni alipumzishwa jumla ya saa mbili. Kilomita 160 atazimaliza saa ngapi?

3. Kijijini kwenu yuko nani ajuaye tofauti ya matiti na telki? Mwalikeni darasani, na kama ana punda aje naye.